SOMO LA PIKIPIKI NDOGO YA MBIO: KUITUNZA, KUIBADILI NA KUIPANDA KWA SALAMA



Zamani mtu aliyetaka kwenda mbali alifunga masurufu yake katika mkoba akatembea kwa miguu. Baadaye ikaja baiskeli, na siku hizi pikipiki zimejaa katika kila wilaya, hata katika vijiji ambavyo motakaa haifiki wakati wa masika. Nyingi ni pikipiki za abiria na mizigo, na habari zake twazijua sana. Lakini sasa twaona vijana wetu, na hata makarani na walimu, wakinunua pikipiki ya namna nyingine, ile ndogo ya mbio, ambayo mpandaji wake huinama mbele, na tangi lake limetuna kama kifua cha njiwa. Sisi wenyewe tumeipanda kwa miaka kadhaa, na jambo lililompata mwenzetu mmoja limetukaa moyoni. Kwa hiyo tumeona yafaa tuandike somo hili, ili aliye nayo aitunze, na anayetaka kuinunua ajue anunuacho.

Neno letu ni moja, na msomaji atalikuta katika kila fungu la somo: pikipiki hupimwa kwanza kwa namna inavyosimama, kisha kwa namna inavyokwenda.

PIKIPIKI YENYEWE

Tunaposema pikipiki ndogo ya mbio, twasema juu ya ile yenye injini ya cc 125 hadi 250, yenye silinda moja au mbili. Mtu asiidharau kwa udogo wake. Mwaka 1959 kampuni ya Honda ya Japani ilipeleka pikipiki zake ndogo za cc 125 kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, ikapata tuzo ya timu ya watengenezaji katika daraja hilo. Mwaka 1961, miaka miwili tu baadaye, Mike Hailwood alishinda kwa pikipiki za Honda mbio za cc 125 na za cc 250 pia. Basi udogo wa injini si udogo wa mwendo. Mtu aliyezoea baiskeli akiikalia pikipiki hii huiona nyepesi, akadhani ni ndugu yake baiskeli, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

HESABU YA KUSIMAMA

Tuanze na hesabu, kwa kuwa haimpendelei mtu. Mpandaji anapoona mbuzi barabarani, hupita kama sekunde moja kabla mkono wake haujafunga breki, na katika sekunde hiyo pikipiki inakwenda bado kama haikuona kitu. Akiwa katika mwendo wa kilometa 40 kwa saa, atapita mita 11 kabla ya kufunga breki, kisha mita 10 hivi za kusimama katika lami kavu na breki nzuri: jumla mita 21. Sasa azidishe mwendo mara mbili, yaani kilometa 80 kwa saa. Mita za kutambua zitakuwa 22, lakini mita za kusimama hazitakuwa 20 kama wengi wanavyodhani. Zitakuwa 41, na jumla ni mita 63. Mwendo ukizidi mara mbili, njia ya kufunga breki huzidi mara nne.

Tunamsihi kila mwenye pikipiki ashike kamba, aende kiwanjani, apime mita 21 na mita 63, asimame mwanzo na kutazama mwisho. Sisi tulipofanya hivyo tulinyamaza kitambo. Na hesabu hiyo ni ya lami kavu; katika mchanga, changarawe au matope mita zitazidi zaidi.

KUITUNZA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi makarani kazi yetu ni daftari, basi hatuna udhuru. Nunua daftari dogo, andika tarehe, kilometa zilizoonyeshwa katika saa ya pikipiki, na kazi iliyofanywa: oili, mnyororo, tairi, breki. Daftari litakuambia kweli siku ambayo kumbukumbu yako itakudanganya.

Tairi. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi si kubwa kuliko kiganja cha mtu, na juu ya viganja hivyo viwili maisha yako yamekaa. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, kwa maana likipata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Kipimo fuata kitabu cha pikipiki yako. Kwa mfano Kawasaki Ninja 250R iliyotoka mwaka 2008 hutakiwa 28 mbele na 32 nyuma. Tena tazama umri wa tairi. Ubavuni pameandikwa herufi DOT, na mwisho wa mstari huo pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuza duka aweza kulipaka dawa likang'aa kama viatu vya bwana harusi, lakini tarakimu hazing'arishwi. Mpira mkuukuu huwa mgumu, na mpira mgumu haushiki njia, hata ukiwa na meno yake yote.

Mnyororo. Mnyororo, ambao mafundi huuita cheni, ndio huvuta gurudumu la nyuma. Usafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, uukaushe, kisha uutie oili nzito kila kilometa 600 hivi, na kila baada ya mvua. Lakini shika sana neno hili: usiusafishe kamwe injini ikinguruma. Zima injini, sukuma gurudumu kwa mkono. Wako watu waliopoteza vidole kwa kutaka gurudumu lizunguke lenyewe, na mnyororo haujui kidole na kitambaa. Ulegevu wake pia una kipimo. Kwa pikipiki nyingi za namna hii ni kati ya milimita 20 na 35, na kipimo halisi kimeandikwa katika kitabu chake. Zungusha gurudumu, tafuta mahali mnyororo ulipokaza kuliko pote, upime hapo. Ukilegea mno waweza kuruka meno. Ukikazwa mno huharibu beringi, kwa kuwa mpandaji anapokaa na njia ikirusha, mnyororo huzidi kukaza.

Breki. Pedi zikibaki unene wa milimita 1, zibadilishe. Usingoje chuma kikwaruze chuma. Mafuta ya breki yana tabia ambayo wengi hawaijui, nayo ni kunyonya maji ya hewani kidogo kidogo. Maji hayo yakipata moto wa breki huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo mkono wa breki huwa laini kama sifongo, wala pikipiki haisimami. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka 2, hata kama yaonekana yamejaa. Nunua ya chupa iliyofungwa, ya namna iliyoandikwa juu ya kifuniko, na usiyamwage juu ya rangi ya tangi, maana huila.

Oili na hewa. Katika pikipiki nyingi za namna hii oili ya injini ndiyo hiyo hiyo iogeshayo klachi. Oili nyingine za motakaa zimetiwa dawa ya utelezi, na klachi ikitelezeshwa haishiki. Basi tazama chupa kama imeandikwa JASO MA, ndiyo alama ya oili ifaayo pikipiki. Pima oili pikipiki ikiwa wima mahali pa sawasawa, injini ikiwa imezimwa dakika chache. Na chujio la hewa, katika barabara zetu za vumbi, lahitaji kutazamwa mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa kuwa waliokiandika walifikiri lami.

KUIBADILI

Vijana wengi hawaishi siku tatu na pikipiki mpya pasipo kutaka kuibadili. Hatuwalaumu, kwa maana mtu hupenda kitu chake kisifanane na cha jirani. Lakini kabla ya kushika spana, jiulize swali hili: Je, badiliko hili litanisaidia kusimama, kuona, au kuonekana? Kama jibu ni ndiyo, lifanye. Kama jibu ni hapana, lingoje mpaka yale ya ndiyo yamekwisha.

Mabadiliko mema yako. Tairi jema la kipimo kile kile, pedi bora, mpira mpya wa breki badala ya ule wa zamani uliochoka, springi zinazolingana na uzito wa mpandaji, taa iangazayo vizuri: haya yote fedha yake haipotei.

Badiliko lipendwalo sana ni la magurudumu yenye meno, yaitwayo sproketi. Tutoe mfano ule ule wa Ninja 250R. Sproketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 45. Wengine huweka ya mbele yenye meno 15. Hapo, kwa mwendo ule ule, injini huzunguka pungufu kwa sehemu moja katika 15, ikatulia katika safari ndefu. Lakini nguvu ya kupanda mlima na kuondoka hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Si kosa, ni kubadilishana. Mtu ajue alichotoa na alichopata. Tena katika pikipiki ambazo saa yake ya mwendo hupima kutoka kwenye gia, saa hiyo itaanza kusema uongo: ikionyesha 56, wewe unakwenda 60.

Mabadiliko mabaya nayo yako. Kung'oa vioo vya pembeni ili pikipiki ipendeze ni kujipofusha kwa hiari. Kuweka tairi la nyuma pana kuliko rimu ilivyokusudiwa hulibana tairi, likawa na umbo baya, na pikipiki ikawa nzito katika kona. Kuishusha pikipiki mpaka chini hufanya vyuma vyake viguse ardhi inapolala, na kikigusa chuma, tairi hunyanyuliwa njiani. Na kuhusu ekzosi wazi ipigayo kelele: hewa ikitoka kwa namna nyingine, kipimo cha petroli nacho chapaswa kurekebishwa, la sivyo injini hupata hewa nyingi na petroli kidogo, ikachemka kupita kiasi. Nguvu inayoongezeka ni ndogo sana. Kinachoongezeka ni kelele.

HABARI YA MWENZETU

Hapa yatupasa tusimulie habari ya mwenzetu, karani wa ofisi jirani, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alinunua pikipiki ndogo ya mbio iliyokwisha tumika, nzuri, nyekundu. Mwezi mmoja akatuambia kwamba breki ya mbele yalia, na fundi amesema pedi zimekwisha. Katika mwezi ule ule akapata ekzosi ya kelele kwa bei nafuu. Fedha ilitosha kimoja tu. Akachagua ekzosi, akisema pedi zitangoja mshahara ujao.

Jumamosi alikuja nayo uwanjani, akaivumisha, watu wakakusanyika. Na sisi, wasomaji wetu, tuliojua habari ya pedi, tulikuwa miongoni mwa waliosifu. Hakuna aliyemwambia, "Ndugu yetu, na breki je?" Hata sisi tunaoandika haya hatukusema.

Siku tisa baadaye, jioni, akishuka mteremko wa kuelekea sokoni, mtoto aliyekuwa akifukuza mpira alitokea njiani. Mwenzetu alifunga breki ya mbele, ikakwaruza chuma kwa chuma. Akakanyaga ya nyuma kwa nguvu zote, gurudumu likajifunga, pikipiki ikalala. Mungu alimwepusha mtoto. Mwenzetu alikwenda na pikipiki mpaka kwenye mtaro wa mawe, na mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Tulipokwenda kumtazama hospitali alitushika mkono akasema, "Ndugu zangu, fedha ya breki niliinunulia kelele." Hatukuwa na la kumjibu. Leo anatembea kwa fimbo, na ngazi za ofisi yake humchukua muda mrefu.

KUIPANDA

Kuna uchunguzi mkubwa uliofanywa na Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, ukatolewa mwaka 1981. Walikwenda mahali penyewe pa ajali 900 za pikipiki katika sehemu za Los Angeles, Marekani, wakapima alama barabarani na kuuliza watu. Mambo mawili waliyoyaona yanatuhusu hata sisi.

La kwanza, katika ajali za pikipiki na motakaa, mara mbili katika tatu mwenye motakaa ndiye aliyemnyima mwenye pikipiki haki ya njia, na mara nyingi kwa sababu hakumwona. Basi mpandaji asiseme, "Njia ni yangu." Karibu na njia panda apunguze mwendo, aweke vidole juu ya breki, ajidhanie haonekani. Awashe taa hata mchana, na avae nguo ya rangi ya kung'aa.

La pili, wapandaji wengi walipopata hatari waliifunga mno breki ya nyuma mpaka gurudumu likateleza, na ya mbele wakaitumia kidogo. Kufanya hivyo ni kinyume cha kazi. Pikipiki ikisimama, uzito wake wote huinamia mbele, gurudumu la mbele likakandamiza ardhi na kushika; la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama imo katika breki ya mbele. Usiinyakue ghafula, ikaze kama mtu akamuavyo nguo iliyofuliwa, pole kwanza, kisha kwa nguvu zaidi. Jizoeze kiwanjani, kwanza katika mwendo mdogo, mpaka mkono ujue wenyewe. Katika mchanga na matope mkono wa mbele uwe mpole sana, na mwendo uwe mdogo kabla hujafika.

Katika kona, maliza kufunga breki kabla ya kuingia. Tazama mwisho wa kona, mahali unapotaka kwenda, kwa maana pikipiki hufuata macho: ukikazia macho shimo utaingia shimoni. Na jambo ambalo wengi hulifanya pasipo kulijua ni hili: katika mwendo, ukitaka kulaza pikipiki upande wa kushoto, sukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, wa kulia vivyo hivyo. Mtu alijuaye hili hataganda siku atakapotakiwa kukwepa upesi.

KOFIA

La mwisho ni kofia ngumu, ambayo wengine huiita helmeti. Mwezi Mei mwaka 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, aliyejulikana sana kwa vita vya Waarabu na Waturuki, alikuwa juu ya pikipiki yake kubwa pasipo kofia ngumu. Akawakuta wavulana wawili juu ya baiskeli, akawakwepa, akaanguka. Akafa baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwapo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo hicho hakikumtoka moyoni. Alichunguza wapanda pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya faida ya kofia. Mwishoni mwa mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake kuivaa, na mwaka 1973 sheria ikawapasa wapandaji wote wa nchi hiyo. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini kofia iliyotundikwa usukanini haimfai mtu, wala ile ambayo mkanda wake haukufungwa, kwa maana hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Na kofia iliyokwisha piga ardhi mara moja imemaliza kazi yake. Usiinunue kwa mtu, wala usimwuzie mtu.

MWISHO

Basi, ndugu msomaji, hayo ndiyo tuliyoyajua. Asubuhi, kabla ya kupiga starta, zunguka pikipiki yako mara moja: tairi, mnyororo, breki zote mbili, oili, taa. Dakika tano zatosha. Na ukimwona mwenzako amenunua pikipiki nzuri, watu wamemzunguka na kumsifu, msifu nawe, si vibaya. Lakini usiondoke pale pasipo kumwuliza habari ya breki zake. Sisi tulinyamaza mara moja, na kila asubuhi twaisikia fimbo ya mwenzetu ngazini.